Uzi: Namna ya kupima kipakatalishi cha kazi nzito kwa ajili ya kurekodi muziki na kuhariri video (Kisumu, Nakuru na Magharibi)

#1. Mwanzishaji wa uzi, Kisumu

Wadau, swali linalorudi kila mara miongoni mwetu ni kama inafaa kununua mojawapo ya vile vipakatalishi vizito vilivyoundwa kwa ajili ya wahandisi, yaani jamii za ThinkPad P, Dell Precision na HP ZBook, ambavyo huingia nchini vikiwa vimekwisha kutumika katika makampuni ya ng'ambo na kuuzwa kwa bei ambayo prodyusa wa kawaida anaweza kuifikia. Mimi naona vinafaa, lakini si kwa sababu ambazo wauzaji huzitaja. Muuzaji atakusomea idadi ya kori, ukubwa wa RAM na jina la kadi ya michoro, na katika hayo yote hamna hata moja litakalokuambia kama mashine itaweza kumrekodi mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa saa nzima bila sauti kukatika, na bila feni yake kusikika ndani ya rekodi. Ninapendekeza tujadili namna ya kuipima mashine kwa kazi yenyewe, kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Muziki una sharti ambalo kazi nyingine za kompyuta hazina. Anayehariri video akilazimika kusubiri mashine imalize kuchakata, hasara yake ni muda tu. Sauti haisubiri. Kompyuta huipokea kwa mafungu madogo yanayoitwa bafa, na ni lazima imalize kulishughulikia kila fungu kabla linalofuata halijafika. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ukaweka bafa ya sampuli 128, mashine inapewa milisekunde 2.7 pekee. Bafa ya 256 huipa milisekunde 5.3, na ya 1,024 huipa zaidi kidogo ya milisekunde 21. Ikichelewa hata mara moja, unasikia mlio mkavu katikati ya wimbo. Ukiongeza bafa ili kuipunguzia mashine mzigo, mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta anaanza kuisikia sauti yake ikimfuata nyuma, naye anapoteza mapigo. Isitoshe, uchelewaji anaousikia hujumlisha bafa ya kuingia, bafa ya kutoka na muda unaotumiwa na kadi ya sauti yenyewe.

Hapo ndipo prosesa yenye sifa kubwa huaibishwa na kitu kidogo. Katika Windows, draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi, ya betri au ya kadi ya michoro inaweza kuishikilia prosesa kwa muda mfupi ambao mtu anayeandika barua hawezi kuutambua, lakini unaotosha kuupita muda wa bafa. Ipo programu ya bure iitwayo LatencyMon ambayo huonyesha ucheleweshaji huo na kuitaja draiva inayohusika. Iendeshe wakati mashine inacheza kazi yako halisi, kwa muda wa kutosha mpaka mashine ipate joto, kwa maana kompyuta isiyo na kazi hufaulu mtihani huo kwa urahisi. Mashine mbili za muundo mmoja zinaweza kutofautiana kabisa kwa sababu ya toleo la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) na draiva tu, kwa hiyo sifa ulizosoma kuhusu muundo fulani haziitoshelezi ile iliyo mbele yako.

Kuhusu kori, traki mbalimbali zinaweza kugawiwa kori mbalimbali, lakini plagini (programu ndogo za kurekebisha sauti) zilizopangwa juu ya traki moja hufuatana: ya pili haianzi mpaka ya kwanza imalize, mithili ya vibarua wanaopokezana matofali kwenye ngazi. Anayeweka mlolongo mrefu wa plagini nzito juu ya traki kuu ya mwisho anahitaji kori moja yenye kasi kubwa kuliko kori nyingi zilizo polepole. Ndiyo maana mita ya programu yako inaweza kuonyesha kwamba mashine imelemewa hali Windows inasema prosesa inatumika kwa asilimia thelathini.

Diski husifiwa kupita kiasi. Traki moja ya biti 24 kwa sampuli 48,000 hutumia kilobaiti 144 kwa sekunde, kwa hiyo traki 32 hazifikishi hata megabaiti tano, mzigo ambao SSD yoyote ya SATA huubeba bila kuuhisi. Tofauti ya NVMe, yaani SSD yenye kasi kuliko ya SATA, utaiona ukifungua maktaba kubwa za sampuli za piano au okestra (hapa sampuli ni noti za ala zilizorekodiwa tayari, si zile za kuhesabu kwa sekunde). Maktaba hizo pia ndizo zinazokula RAM: kwa anayerekodi sauti za watu na ala halisi, GB 16 zinatosha, na anayetegemea sampuli aanzie GB 32. Kwa hilo vipakatalishi hivi vina faida ya kweli, kwa sababu vingi vina nafasi nne za RAM ambazo unaweza kuzijaza kidogo kidogo kadiri kazi inavyolipa.

#2. Mchangiaji, Kakamega

Ndugu mwanzishaji, ahsante kwa maelezo haya. Mimi hurekodi kwaya na vikundi vya ngoma za isukuti, mara nyingi kanisani au uwanjani, wala sina studio ya kudumu. Nimeonyeshwa ThinkPad P51 na ThinkPad P52, na muuzaji anasisitiza kwamba zote ni i7, kwa hiyo nichukue iliyo nafuu. Je, kuna tofauti inayostahili pesa? Pia nimeambiwa kwamba nisinunue kadi ya sauti ya USB, bali ya Thunderbolt, kwa sababu USB ni polepole.

#3. Mwanzishaji wa uzi, Kisumu

Ndugu yangu wa Kakamega, neno i7 peke yake halisemi lolote. P51 ni ya mwaka 2017, na i7-7820HQ inayopatikana ndani yake ina kori nne. P52 ni ya mwaka 2018, na i7-8850H ina kori sita. Kwa rekodi za kwaya, zote mbili zitakutosha. Tofauti inayoniuma zaidi ni ya programu: Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kurekodi tu, isiyounganishwa na intaneti, inaweza kuendelea na Windows 10 kwa amani. Lakini kama ndiyo hiyo hiyo utakayotumia kwa barua pepe, benki na kutuma kazi kwa wateja, basi anzia kizazi cha nane, iwe ni P52, Dell Precision 7530 au HP ZBook 15 G5. Ukikuta yenye Xeon E-2176M, usiongezwe bei kwa ajili ya jina hilo. Ni prosesa ya kori sita inayokaribiana sana na i7-8850H, na uwezo wake wa kutumia RAM inayosahihisha makosa hautausikia kwenye wimbo.

Kuhusu Thunderbolt, tupige hesabu. Sauti ya biti 24 kwa sampuli 48,000 ni biti 1,152,000 kwa sekunde kwa kila chaneli. Chaneli mbili ni takriban megabiti 2.3, nayo USB 2.0 ina megabiti 480. Hata chaneli kumi na nane za kurekodi kikundi kizima zinaenea bila msongamano. Focusrite Scarlett 2i2, ambayo wengi wetu tunaijua, hutumia USB 2.0, wala hakuna linaloharibika. Kinacholeta tofauti kubwa ni ubora wa draiva ya ASIO (ile inayoziunganisha programu za muziki na kadi ya sauti katika Windows) inayotolewa na mtengenezaji wa kadi, na pesa za Thunderbolt ni afadhali ziende kwenye maikrofoni.

Kwa isukuti, rekodi kwa biti 24 na uache nafasi ya kutosha juu, kwa sababu pigo moja la ngoma kubwa linaweza kuruka mbali na wastani wa wimbo. Biti 24 zinakuruhusu kuweka kiwango cha chini bila kuleta mnong'ono. Ngoma hizo za Waisukha na Waidakho ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa hiyo kazi unayoifanya huko ina uzito kuliko malipo ya Jumapili moja, na mashine isiyokatakata ni sehemu ya kuilinda.

#4. Mchangiaji, Nakuru

Naomba nichangie kwa upande wa picha, kwa sababu mimi huhariri video za muziki na za harusi. Wengi hununua mashine hizi kwa ajili ya kadi ya michoro, wakasahau skrini. Muundo mmoja uliuzwa na paneli tofauti tofauti, na kampuni zilizonunua kwa ajili ya wahasibu mara nyingi zilichagua ile ya bei ya chini. Paneli inayoandikwa 45% NTSC (kipimo cha upana wa rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha) itakuonyesha ngozi ya msanii ikiwa imepauka, nawe utaongeza rangi mpaka kwenye simu ya mteja aonekane kama amepakwa rangi ya chungwa. Tafuta angalau 72% NTSC, ambayo inakaribia upana wote wa sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za skrini. Baadhi ya ZBook zilikuja na skrini ya DreamColor, na ukiipata ikiwa katika hali nzuri, hiyo peke yake ni sababu ya kuichagua.

Kadi za Quadro P1000 na P2000 zenye GB 4 hufanya kazi katika programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve kwa ukubwa wa 1080p. Ukianza 4K kutoka kwenye simu, tengeneza nakala nyepesi za kuhariria, vinginevyo kila mkato utausubiri. Katika jambo hilo sikubaliani na mwanzishaji kuhusu diski: kwetu sisi, NVMe si anasa.

#5. Mchangiaji, Kisii

Wadau, mimi nina swali la uchokozi kidogo. Kwa nini tubebe mashine ya kilo mbili na nusu, pamoja na chaja inayokaribia uzito wa tofali, ilhali MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni kabisa, haihitaji kutafutiwa draiva ya ASIO, na inakaa kwenye betri karibu siku nzima? Core Audio ya Apple imo ndani ya mfumo tayari. Nimeirekodi obokano, ala ya nyuzi ya Wakisii, nayo kompyuta ikiwa mezani karibu na maikrofoni, na hakukuwa na mvumo wowote.

#6. Mwanzishaji wa uzi, Kisumu

Hoja yako ni nzito, wala sitaipinga kwa ushabiki. Kwa mtu anayefanya kazi za sauti tu, anayeweza kupata Air ya M1 yenye GB 16 za kumbukumbu, na ambaye hana plagini za zamani zinazomfunga kwenye Windows, mimi mwenyewe ningemshauri aichukue. Neno la kuangalia ni hizo GB 16. Kumbukumbu ya mashine hiyo haiongezwi baada ya kununua, na nyingi zinazouzwa ni za GB 8 na diski ya GB 256, ambayo nayo haibadilishwi. Mtu wa sampuli ataujaza mkoba huo haraka. Kukosa feni nako kuna gharama yake, kwa maana mashine ikipata joto katika chumba cha Kisumu chenye nyuzi 30 mchana, inapunguza kasi ili ijilinde. Kwa kurekodi hutalijali hilo, lakini kwa kutoa video ndefu utaliona.

Lakini suala la feni ulilolitaja ndilo ninalotaka tulipe nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu halimo katika karatasi yoyote ya sifa za mashine na ndilo linalozitia doa rekodi zetu nyingi. Katika studio kubwa kompyuta hukaa chumba kingine. Sisi tunarekodi Siaya, Vihiga au Bondo, sebuleni kwa mzee, na kipakatalishi kiko hatua chache kutoka kwenye maikrofoni. Nyatiti si ala ya kelele. Ina nyuzi nane, mpigaji hukaa chini, hugonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma ya oduong'o iliyo kwenye kidole cha mguu, na njuga za gara hulia mguuni. Mwishoni mwa kila kishazi kuna mwangwi mdogo unaofifia, na utamu wa ala uko hapo. Feni inayopanda na kushuka huufuta. Mvumo usiobadilika unaweza kupunguzwa kwa programu baadaye, ingawa sauti huchakaa kidogo. Ule unaobadilika kila dakika hauna dawa nzuri.

Basi pima hivi. Fungua kazi nzito uliyonayo, iache icheze mpaka mashine ipate joto, kisha weka maikrofoni umbali utakaoutumia kwa kweli, rekodi ukimya wa chumba, na usikilize kwa vipokea sauti baada ya kuipandisha rekodi hiyo kwa nguvu. Sikiliza mvumo wa feni, na pia ule mlio mwembamba wa umeme ambao baadhi ya mashine huutoa prosesa inapobadilisha kasi. Mlio huo hauponi kwa kusafisha vumbi.

Kama feni ndiyo tatizo pekee, kuna njia ya kuinyamazisha wakati wa kurekodi. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, punguza kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa prosesa hizi za Intel, hatua hiyo huzima ile kasi ya ziada ya muda mfupi, joto linashuka, na feni hutulia. Kurekodi traki nane hakuhitaji kasi ya ziada. Utairudisha wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hata bafa unaweza kuiweka 1,024 kwa sababu hakuna tena mtu anayejisikiliza. Halafu isogeze mashine mbali. Waya wa USB 2.0 una kikomo cha mita 5, lakini waya wa XLR wa maikrofoni huvuka chumba na ukumbi bila shida, kwa hiyo refusha ule wa maikrofoni na uiache kompyuta mlangoni au upande wa pili wa ukuta.

Jambo dogo la kwetu wakaao kando ya ziwa: wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku kwa makundi, na unyevu na vumbi humalizia kazi. Feni na mabomba ya joto yafunguliwe na kusafishwa mara kwa mara, na ile pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa ibadilishwe kwenye mashine yoyote iliyokwisha kutumika miaka kadhaa. Vipakatalishi hivi vizito hufunguka kwa skrubu za kawaida, na miongozo ya kuvifungua hutolewa na watengenezaji wenyewe. Kwangu mimi, hiyo ni hoja kubwa kuliko Quadro.

#7. Mchangiaji, Busia

Mnaongelea feni na rangi, lakini huku stima ndiyo mwamuzi. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, na hata siku za kawaida mvua ikitishia tu tunajua kitakachofuata. Mimi nina paneli za sola na inverta, ila nikiunganisha chaja ya kipakatalishi nasikia mvumo kwenye spika. Je, ni kipakatalishi kibovu?

#8. Mwanzishaji wa uzi, Kisumu

Huenda si kipakatalishi. Inverta za bei nafuu hutoa umeme wenye wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na kelele hiyo huingia kwenye sauti kupitia chaja. Chomoa chaja, usikilize: mvumo ukitoweka, basi chanzo ni umeme, na dawa ni inverta ya wimbi safi, au kurekodi ukitumia betri na kuchaji wakati wa mapumziko. Hata penye umeme wa kawaida, mvumo wa Hz 50 unaotokana na vifaa viwili vilivyochomekwa soketi tofauti mara nyingi huisha ukichomeka vyote kwenye soketi moja.

Kuhusu betri, P52 mpya ilikuja na betri ya Wh 90 (wati kwa saa) na chaja ya wati 170 au 230, kwa hiyo hakikisha inverta inaweza kuuhimili mzigo huo. Mashine ikitumia wati 30 wakati wa kurekodi, Wh 90 ni saa tatu, lakini betri iliyotumika haina tena Wh 90. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, nayo Windows itakutengenezea ripoti inayoonyesha uwezo wa awali na uwezo uliobaki. Muuzaji hawezi kubishana na karatasi hiyo.

#9. Mchangiaji, Kisumu

Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi, natengeneza biti, yaani midundo ya muziki, kwa programu ya FL Studio na kurekodi wenzangu chumbani. Nina shilingi 80,000 nilizodunduliza. Je, niziweke zote kwenye kipakatalishi? Na maduka ya Barabara ya Oginga Odinga yatakubali kweli nikae na mashine nikiipima namna hii?

#10. Mwanzishaji wa uzi, Kisumu

Marahaba, mdogo wangu. Usiziweke zote. Tenga kwanza pesa za kadi ya sauti ya nje, maikrofoni moja ya kutegemewa na vipokea sauti vinavyofunika sikio, kisha kinachobaki ndicho bajeti ya mashine. Kama kinachobaki hakifikii kipakatalishi cha kazi nzito cha kizazi cha nane, chukua cha kawaida cha ofisi cha kizazi hicho hicho chenye nafasi ya kuongeza RAM. Biti za FL Studio zitaenda, na uzuri mwingine ni kwamba ukiinunua leseni yake, matoleo yajayo unayapata bila kulipa tena.

Kuhusu duka, anayeuza mashine nzuri hukubali. Nenda asubuhi siku isiyo na wateja wengi, ukiwa na kadi yako ya sauti au umeiazima kwa rafiki, flashi yenye kazi yako na programu ya majaribio, na vipokea sauti. Programu ya kurekodi ya Reaper hukupa siku 60 za kujaribu na ni ndogo, kwa hiyo husakinishwa upesi. Zima Wi-Fi, weka bafa ya 128, cheza kazi yako huku LatencyMon ikiangalia, kisha rudia bila chaja, kwa sababu mashine nyingi hushusha kasi zikiwa kwenye betri na huko ndiko sauti huanza kukatika. Jaribu kila tundu la USB, kwa maana lililolegea halionekani kwa macho. Kwa P50 na P51, uliza pia RAM iliyopo imewekwa wapi, kwa sababu nafasi mbili kati ya nne ziko chini ya kibodi na kuzifikia ni kazi ya fundi.

La mwisho kabla ya kulipa, iwashe upya na uingie kwenye BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo mezani, hata kama bei imeshuka nusu. Ikiwa wakati wa kusakinisha Windows upya inataja jina la kampuni na kukutaka uingie kwa akaunti ya mfanyakazi, basi bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani, na hakuna fundi wa mtaani atakayeuondoa usajili huo kabisa. Omba risiti yenye nambari ya mashine, na maandishi ya dhamana yanayotaja kwamba betri na skrini zimo.